Kroksi Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuziosha na kuzitunza

Kroksi zimeufaa mji huu. Ukishuka mashuani utakanyaga maji, ukipita kichochoroni utakutana na mavi ya punda, na ukienda Shela kwa miguu mchanga utakufuata mpaka chumbani. Kiatu cha ngozi hakivumilii hayo mwaka mzima, ila kroksi huvumilia. Kinachozimaliza mara nyingi ni jua la juu ya paa, maji ya moto na dawa kali walizotumia wenyewe kuondoa uchafu ambao sabuni ya kawaida ingeuondoa. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo kwa njia moja au nyingine.

Kroksi ni mpira?

Hapana, ingawa kila mtu huziita mpira. Ni plastiki laini iitwayo EVA (ethilini-vinili asetati), iliyofurishwa kwa vipovu vidogo vya hewa. Plastiki hiyo huyeyushwa na kusindiliwa ndani ya kalibu, na kalibu ikifunguliwa kiatu hufura ghafla kikawa kikubwa kuliko kalibu yenyewe, kisha hupozwa kibaki na umbo lake. Kumbuka hapo: kiatu kilipata ukubwa wake kwa kufura, na kikipashwa moto tena kinaweza kuupoteza.

Kampuni ya Crocs, iliyoanza Colorado, Marekani, mwaka 2002, ina plastiki yake inayoiita Croslite, ya jamii hiyohiyo ya vipovu vilivyofungika. Zinazouzwa madukani Lamu ni mchanganyiko: halisi chache, za kuiga nyingi, na za mtumba. Matunzo ni yaleyale kwa zote. Zile za kuiga zilizo nyepesi kupita kiasi, ukizibinya zinaingia ndani kama mkate, huwa na hewa nyingi na plastiki kidogo, kwa hiyo husinyaa na kubonyea mapema zaidi.

"Vipovu vilivyofungika" inamaanisha nini kwa mtu anayeosha?

Kila kipovu kimezungukwa na ukuta wake, hakina mlango wa kuingilia kwa jirani. Maji hayapenyi, ndiyo maana kroksi huelea ikianguka kutoka jetini. Uchafu nao hubaki juu. Palipokwaruzika tu ndipo vipovu hupasuka vikawa vishimo, na hapo ndipo weusi hung'ang'ania. Ukisugua kwa waya wa sufuria unaongeza vishimo, na wiki ijayo kiatu kitashika uchafu zaidi ya leo.

Nizioshe mara ngapi?

Suuza kwa maji kila ukitoka pwani. Kuosha kwa sabuni, mara moja kwa wiki yatosha kwa anayevaa kila siku.

Ni ipi njia sahihi ya kuziosha, hatua kwa hatua?

Tayarisha beseni, brashi laini ya nguo, mswaki mkuukuu, kitambaa, na sabuni. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ndiyo bora: kijiko 1 cha chai kwa lita 3 za maji. Sabuni ya kipande nayo ni nzuri. Sabuni ya unga ina chumvi nyingi na ikibaki matunduni huacha ukoko. Ukiitumia, usizidishe nusu kijiko cha chai kwa lita 3 na hakikisha imeyeyuka yote kabla ya kutia kiatu.

Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi 40 za Selsiasi au chini yake. Huna kipimajoto? Changanya lita 1 ya maji yanayochemka na lita 5 za maji ya kawaida, utapata karibu na hapo. Mkono ukiweza kukaa majini bila kuharakia kuutoa, na kiatu kinaweza.

1. Gonganisha soli mbili kwa nguvu, nje ya nyumba, mchanga udondoke. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayozuia mikwaruzo, kwa sababu mchanga uliobaki chini ya brashi unafanya kazi ya msasa.
2. Toa vipambo vyote matunduni.
3. Mwagia maji matupu kwanza, ndani na nje.
4. Loweka dakika 10, si zaidi ya 15. Kuloweka usiku kucha hakuongezi kitu, maji hayaingii ndani.
5. Sugua soli kwanza, kisha nje, kisha ndani. Ndani kuna vipele vidogo vya kukanda mguu. Vipitishie mswaki kwa mizunguko midogo, kwa maana ndiko jasho na ngozi iliyokufa vinakokaa.
6. Matundu ya juu na ya pembeni, pitisha pembe ya kitambaa iliyosokotwa. Usitumie bisibisi wala ncha ya kisu.
7. Zungusha mkanda wa kisigino mbele na nyuma huku ukimwagia maji. Kati ya mkanda na kiatu ndimo punje za mchanga hujificha na kula riveti, yaani vifungo vya plastiki vinavyoshika mkanda.
8. Suuza maji mawili, yaani mara mbili kwa maji mapya. Kiatu kikiteleza mkononi, sabuni bado ipo.
9. Kung'uta, futa kwa kitambaa, simamisha kwa kuegemeza ukutani kivulini, vidole vikitazama juu, maji yatoke kisiginoni.

Kwa upepo wa kusi hukauka kwa saa moja au mbili. Wakati wa masika, wakati hewa yenyewe ina maji, pangusa ndani kwa kitambaa kikavu, la sivyo zitabaki na unyevu mpaka jioni.

Nimeosha vizuri lakini zikikauka zina utando mweupe. Kwa nini?

Maji yako. Visima vingi vya kisiwani hutoa maji yenye chumvi na chokaa, na yakikauka huacha alama, hasa kwenye kroksi nyeusi, za buluu na za kijani iliyoiva. Sabuni nayo ikikutana na maji hayo hutoa utando wa kijivu usiotoka kwa kusuuza.

Changanya siki kipimo 1 na maji vipimo 4, au kamua ndimu 2 katika glasi ya maji. Pakaza kwa kitambaa, acha dakika 5, futa, halafu suuza kwa maji matamu. Nusu lita ya maji ya mvua au ya dukani yatosha kwa jozi nzima ikiwa utayamwaga polepole kwa kikombe. Ukishajua kisima chako ni cha chumvi, osha kwa maji hayohayo lakini suuzo la mwisho liwe la maji matamu, kisha ufute mara moja badala ya kuacha matone yakauke yenyewe.

Nimekanyaga mavi ya punda. Niyaoshe yakiwa mabichi au nisubiri yakauke?

Mavi ya punda ni majani yaliyosagika, si kama ya mbwa. Yakiwa mazima na magumu, acha yakauke kidogo, yagonge yatoke, kisha osha. Yakiwa yamelowa kwa mvua au yamechanganyika na mkojo, osha papo hapo, kwani rangi yake ya kijani-kahawia huingia kwenye mikwaruzo ya soli. Kijiti cha mnazi ndicho kifaa bora cha kuchokoa mifereji ya soli: kigumu cha kutosha, na hakikati.

Mkojo ni jambo jingine. Una amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa gesi inayokaba kifua na kuchoma macho. Watu hufanya hivyo bila kujua: kiatu kinanuka, wanakichovya moja kwa moja kwenye ndoo ya jiki ndani ya choo kisicho na dirisha. Suuza kwa maji matupu mengi kwanza, osha kwa sabuni, suuza tena. Mara nyingi ukifika hapo hutahitaji jiki kabisa.

Na upande wa twahara?

Wengi hapa hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mavi na mkojo wa mnyama kuwa najisi. Kinachotakiwa ni kuondoa najisi yenyewe kisha kupitisha maji mpaka rangi na harufu viondoke. Kwa upande wa kiatu, kazi ni nyepesi: najisi haikupenya ndani ya plastiki, iko juu na kwenye vishimo tu. Mimina maji juu ya kiatu yatiririke chini. Usikitumbukize ndani ya ndoo ndogo ambayo utataka kuitumia kwa jingine. Swali la fikihi lililo zito kuliko hilo mpelekee ustadhi wako.

Tope la mikoko limenishika mpaka kifundoni. Linatoka?

Linatoka, ila usilipe muda. Tope la mikokoni ni laini sana, jeusi, na lina salfa na chuma ndani yake. Ndiyo harufu ile ya yai bovu. Likikaa hewani chuma hicho hushika kutu, na lile jeusi huacha doa la rangi ya chai. Kwa hiyo liondoe likiwa bado jeusi. Anza na maji ya bahari palepale ulipo, hata kama utaosha tena nyumbani. Vua kiatu, kitumbukize, kipindue, ukikunje na kukikunjua mara kadhaa ndani ya maji. Tope hutoka matunduni lenyewe. Usisugue kwa mchanga.

Doa la kutu lililobaki, lipakae maji ya ndimu yasiyochanganywa, acha dakika 10 kivulini, sugua kwa mswaki, suuza. Rudia mara mbili au tatu. Usiweke jiki juu ya doa la kutu, linaganda zaidi.

Na jambo moja la usalama: tope zito hunyonya kiatu. Kama lazima uingie, vuta mkanda nyuma ya kisigino kabla, si baada ya kuachwa na kiatu kimoja.

Mafuta ya injini, lami na rangi ya mashua?

Kanuni ni moja: mafuta huondolewa kwa mafuta, halafu sabuni huondoa mafuta ya pili. Pakaza mafuta ya nazi au ya kupikia juu ya doa, subiri dakika 5 hadi 10, futa kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, kisha weka sabuni ya maji ya vyombo bila kuchanganya na maji, sugua, ndipo umwagie maji. Lami yaweza kuhitaji mizunguko mitatu. Mafuta ya samaki yanayopakwa mbao za mashua huenda kwa njia hiyohiyo, ingawa harufu yake itachukua siku mbili zaidi kuondoka.

Usitumie petroli wala tina (dawa ya kuzimulia rangi). EVA huyanywa, hufura, hulegea, na ikikauka haina umbo tena. Mafuta ya taa yana tabia hiyohiyo kwa kasi ndogo. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huondoa na rangi ya kiatu.

Rangi ya mashua ikiwa mbichi, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kama ilivyoelezwa. Ikiwa imekauka, usiisugue. Kunja kiatu mahali penye rangi, mbele na nyuma, mara ishirini hivi. Plastiki hukunjika lakini rangi kavu haikunjiki, hivyo hupasuka na kubanduka vipande, na vilivyobaki huondoka kwa ukucha.

Hina na piko vimedondoka kwenye kroksi nyeupe ya bibi harusi mtarajiwa.

Pole, na fanya haraka. Hina ni rangi ya kweli, si uchafu, na inazidi kukolea kadiri inavyokaa. Ikwangue kwa kadi au kijiko (usiipanguse, utaitandaza), osha kwa maji baridi na sabuni. Ukiwahi ndani ya dakika chache hakitabaki kitu.

Doa lililolala, tengeneza uji mzito wa magadi soda (baking soda ya jikoni) vijiko 2 vya mezani na maji ya peroksaidi ya asilimia 3 kijiko 1. Duka la dawa likiwa na ya asilimia 6, ichanganye nusu kwa nusu na maji. Vaa glavu, paka, funika kwa kitambaa kibichi usikauke, acha dakika 30, sugua kwa mswaki, suuza. Rudia kesho yake ikibidi. Hina itabaki kivuli cha rangi ya chungwa. Piko mara nyingi haitoki kabisa, na afadhali kuiambia nafsi mapema kuliko kuharibu kiatu kwa kuisugua.

Manjano ya bizari ni kisa tofauti. Rangi yake haivumilii mwanga. Osha kwa sabuni, kisha weka kiatu jua la asubuhi, kabla ya saa tatu, kwa saa moja. Doa hufifia lenyewe. Hapa ndipo mahali pekee katika ukurasa huu tunapokutuma juani.

Kroksi zangu nyeupe zimegeuka njano. Zinaweza kurudi?

Inategemea umanjano umetoka wapi. Ukiwa ni wa juu, yaani sabuni isiyosuuzwa iliyokaushwa juani, au vumbi na jasho, uji wa magadi soda na peroksaidi uliotajwa juu utaurudisha. Ukiwa umo ndani ya plastiki yenyewe kwa sababu ya jua la miaka, hakuna sabuni ya kuufikia. Jaribu sehemu ndogo karibu na kisigino. Baada ya mizunguko miwili usipoona tofauti, acha. Dawa ya meno nyeupe husaidia kidogo kwenye ukingo wa soli kwa sababu ina unga wa kusugulia. Haigeuzi rangi ya plastiki, inaondoa uchafu tu, na wanaoisifu mitandaoni wameipa sifa isiyo yake.

Jiki je?

Kwa kung'arisha, hapana. Hukausha uso wa plastiki, hufifisha rangi, na nyeupe huweza kuzidi kuwa njano. Kwa kuua vijidudu, kwa mfano anayefanya kazi zahanati au buchani, inaruhusiwa kwa kipimo: jiki ya asilimia 3.5, mililita 15, yaani kijiko 1 cha mezani, kwa lita 1 ya maji baridi. Kiatu kiwe kimeshaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa, kikae dakika 10, kisuuzwe tena. Usichanganye na siki, ndimu wala dawa nyingine ya choo.

Mashine ya kufulia?

Maji baridi, mzunguko wa taratibu, ndani ya foronya iliyofungwa, bila kukaushia. Lakini kwa mkono ni dakika kumi na tano, kwa nini uisumbue mashine?

Zinanuka hata baada ya kuosha.

Kroksi haina harufu, mguu ndio unaoiletea. Bakteria hula jasho na ngozi iliyokufa iliyojaa kati ya vipele vya ndani, na ukiosha nje tu umewaacha mezani.

Paka ndani uji wa magadi soda (vijiko 2 vya mezani kwa kijiko 1 cha maji), uache dakika 30, sugua kwa mswaki mpaka kila kipele kionekane, suuza. Harufu ikiwa sugu, baada ya kusuuza jaza ndani kitambaa kilicholowa siki kipimo 1 kwa maji vipimo 2, dakika 15, suuza tena. Usitie magadi na siki kwa pamoja ukidhani povu ndilo linalosafisha: vinauana, unabaki na maji ya chumvi.

Baada ya hapo, kazi iliyobaki ni ya mguu. Osha katikati ya vidole, kausha kabisa kabla ya kuvaa, na ukiwa na uwezo wa jozi mbili, badilisha siku kwa siku. Udi chini ya kiatu hufanya kinukie kwa muda wa kufika msikitini na kurudi.

Nina fangasi vidoleni. Kiatu kinaweza kuwa ndicho chanzo?

Kinaweza kukurudishia. Osha kama kawaida, kausha, kisha pangusa ndani kwa spiriti ya asilimia 70 na uiache ikauke yenyewe, kila siku kwa muda wote unaotumia dawa ya mguu. Usiazimane kroksi, hata za kuingia msalani. Usipoona nafuu baada ya wiki mbili nenda kituo cha afya. Mwenye kisukari asisubiri hata siku hizo.

Zilikuwa saizi yangu, sasa hazinitoshi. Nimekua au zimesinyaa?

Zimesinyaa, na karibu kila mara sababu ni moja kati ya tatu: zilianikwa juu ya bati au paa la saruji, ziliachwa ndani ya mashua au gari lililoegeshwa Mokowe, upande wa bara, mchana kutwa, au ziliwekwa karibu na jiko. EVA huanza kulegea joto likifika nyuzi 60 au 70 hivi. Hewa ya jua Lamu haifiki hapo, lakini bati hufika, na kiatu cheusi hupata joto zaidi ya cheupe kilicho kando yake. Kuta za vipovu zikilegea, hewa hutoroka na plastiki hujirudi. Ndiyo maana kiatu kimoja huweza kuwa kifupi kuliko mwenzake: kimoja kililala juani, cha pili kilikuwa chini ya kivuli cha ndoo.

Hata mlangoni pa msikiti, Ijumaa ya kaskazi, saa moja ya adhuhuri juu ya sakafu ya saruji si mchezo. Viweke upande wa ukuta ambao jua halitaufikia.

Naweza kuzirudisha?

Kidogo, tuseme nusu saizi, na si kila mara. Chemsha maji, uyaache yatulie dakika 5. Tumbukiza kiatu kimoja kwa sekunde 30 hadi 60, ukikibonyeza kwa mwiko kwa sababu kitaelea. Kitoe kwa koleo, mwaga maji yote, kikung'ute, subiri sekunde 20, gusa ndani kwa kiganja. Kisipochoma kiganja, vaa ukiwa na soksi mbili nene na utembee nyumbani dakika 10 mpaka kipoe mguuni. Mtoto asivishwe kiatu cha moto. Jaza ndani nguo zilizokunjwa kwa nguvu badala yake. Mwenye kisukari au mwenye ganzi ya miguu afanye hivyo pia.

Isipofaulu mara ya pili, mpe mdogo wako. Kila kuchemsha kunakipunguzia kiatu unene wa soli.

Nikizipaka Vaseline zinang'aa. Kuna ubaya?

Zinang'aa kwa saa moja, kisha zinakuwa gundi ya vumbi. Mafuta yanayoshuka kwenye soli, na yale yanayobaki ndani, yatakuangusha kwenye ngazi za jumba la kale, ambazo hata kwa kiatu kikavu zinataka adabu.

Mkanda umechomoka. Lazima ninunue nyingine?

La. Mkanda hushikwa na riveti mbili za plastiki, kila moja ina kichwa cha nje na mguu unaoingia ndani. Ikiwa imechomoka tu bila kukatika, loweka sehemu ya tundu katika maji ya vuguvugu dakika 5, paka tone la sabuni, bana kichwa kwa kidole gumba huku ukisukuma kutoka upande wa pili mpaka ulie "tap".

Ikikatika, fundi wa viatu atakutengenezea kwa vifungo viwili vya koti na mshipi wa kuvulia: kifungo kimoja ndani, kimoja nje, mshipi upite mara nne na fundo libaki nje ili lisisugue kifundo. Usimruhusu kubana sana, mkanda lazima uzunguke. Wengine hutumia skrubu na nati. Zikiwa si za chuma kisichoshika kutu, chumvi itazila haraka na kutu itachora kiatu.

Mkanda uliochanika katikati ni kazi ya gundi, na hapa watu hukosea gundi. Supa glu huganda ngumu kama kioo, na mahali panapokunjika itavunjika siku ileile. Tumia gundi ya fundi, ile ya njano ya kopo. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa, pangusa kwa spiriti, paka gundi pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ubane kwa nguvu na uiache usiku kucha. EVA haishiki gundi kwa urahisi, kwa hiyo usiruke msasa. Hata hivyo hesabu kwamba umeununua muda tu.

Vipambo vya matunduni huvitoaje bila kupasua tundu?

Sukuma kutoka ndani kwa kidole gumba, ukikizungusha kidogo. Usivute kichwa chake kutoka nje, shingo itabaki ndani. Kuvirudisha, lowesha shingo kwa maji ya sabuni na uingize kwa pembe. Vioshe kando ndani ya kikombe. Mchanga unaobaki chini yake hupanua tundu mpaka kipambo kianze kudondoka chenyewe.

Zenye manyoya ndani, na zile za watoto zenye taa?

Za manyoya huja na mtumba kutoka nchi za baridi. Manyoya hunywa maji, tofauti na kiatu, na hapa kwetu hayakauki upesi. Kama hubanduka, yabandue na uyafue peke yake. Kama yameshonwa, osha kwa sponji yenye sabuni bila kuloweka, na uzikaushe penye upepo siku mbili. Kwa kweli si kiatu cha pwani.

Za taa usizitumbukize. Futa kwa kitambaa kibichi, hasa kisiginoni.

Nitajuaje zimekwisha?

Geuza soli. Mifereji ikiwa imefutika chini ya kisigino au chini ya dole gumba, kiatu kitateleza kwenye ngazi za jeti zenye ukungu wa kijani, na hakuna kuosha kutakakorudisha mshiko. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba: kikibaki kimebonyea badala ya kurudi, vipovu vimekufa na magoti yako ndiyo yanayobeba kazi. Na ukiona umetembea upande mmoja mpaka soli ikawa na mteremko, usizimpe mwingine, utampa na mwendo wako.

Nizitupe wapi?

Si baharini, kwa sababu hazizami wala haziozi; zitatembea na mkondo mpaka ufuo wa mtu mwingine. Wala usizitumie kuwashia jiko kama baadhi wafanyavyo na ndara kuukuu, moshi wake ni mbaya na masizi yake hushika sufuria. Mwaka 2018 hapahapa Lamu ilishushwa majini Flipflopi, mashua iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa maelfu ya ndara zilizookotwa fuoni, na mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Zanzibar. Wanaokusanya plastiki wapo, waulize wanachukua viatu vya aina gani. Za watoto zilizo nzima zina wateja wake jirani. Zilizokatika, kata soli uitie chini ya miguu ya meza isikwaruze sakafu, au chini ya mtungi usiteleze.